Claudette Colvin: alitangulia kukataa, akachelewa kutajwa

Machi 2, 1955, jijini Montgomery, Alabama, dereva wa basi alimwamuru msichana Mweusi wa miaka 15, Claudette Colvin, ampishe abiria Mzungu. Akakataa. Polisi wakamtoa kwa nguvu, wakamtia pingu na kumpeleka mahabusu ya watu wazima. Miezi tisa baadaye Rosa Parks akakataa vilevile, na dunia ikamjua yeye.

Viongozi wa Weusi wa Montgomery wanalaumiwa kwa kumwacha Claudette. Inasemwa walimwonea haya: binti wa familia maskini, tena akapata mimba kabla ya ndoa. Lawama hiyo ina uzito. Oktoba mwaka huohuo Mary Louise Smith, miaka 18, alikamatwa kwa kosa hilohilo, naye akawekwa kando.

Ila kuna jambo ambalo wasimulizi wengi huliruka. Claudette alishtakiwa kwa makosa matatu: kuvunja sheria ya ubaguzi, kuvuruga amani na kumshambulia polisi. Kwenye rufaa, mwezi Mei, mawili ya kwanza yalifutwa, likabaki la polisi. Sheria ya mabasi ikawa haimo tena katika kesi. Wangeipinga kwa lipi? Mimba ilikuja baada ya hapo. Parks, fundi cherehani wa miaka 42 na katibu wa tawi la NAACP (chama cha kutetea haki za Weusi), alikuwa mtu mzima anayeheshimika, na mgomo wa kususia mabasi, wa kuwatembeza maelfu kwa miguu kwenda kazini, ulihitaji jina ambalo kila kanisa lingelisimamia. Kwa hilo nawaelewa.

Kilichofuata siwezi kukitetea. Kesi iliyoangusha ubaguzi katika mabasi ya Montgomery haikuwa ya Parks. Ilikuwa ya Browder dhidi ya Gayle, iliyofunguliwa Februari 1956 na wakili Fred Gray kwa niaba ya wanawake, wakiwemo Aurelia Browder, Susie McDonald, Smith na Claudette mwenyewe. Mei 11, akiwa na mtoto mchanga, Claudette alisimama mbele ya majaji watatu akatoa ushahidi. Novemba 13 Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha ushindi wao. Ikiwa alifaa kubeba kesi akiwa mama asiyeolewa, kwa nini hakufaa kutajwa walipokwisha kushinda?

Huko Montgomery Claudette alionekana mkorofi, kazi ikawa ngumu kupata. Akahamia New York, akawahudumia wazee kama muuguzi msaidizi hadi alipostaafu. Rekodi ya kosa lake ilifutwa mwaka 2021, akiwa na miaka 82.