Mistari inayokatika ufukweni: lawama imemwangukia asiyehusika

Ukichora mikondo ya bahari ya pwani ya Tanzania kwa streamplot, amri ya kuchora mistari ya mtiririko katika Matplotlib (maktaba ya michoro ya Python), nchi kavu ikiwa imefunikwa, yaani nukta zake zimetiwa alama ya kutokuwa na data, jicho linakwama kwenye weupe unaozunguka visiwa. Mkondo unaopanda kaskazini umejaa mistari upande wa bahari kuu, ila ndani ya mlango-bahari wa Zanzibar una bahati ukiuona mmoja. Tiba inayotolewa haraka ni kufunua: jaza nchi kavu sifuri, au thamani za maji ya jirani, kisha weka ramani ya nchi juu. Wanaosema nchi kavu ibaki imefunikwa huonekana wakaidi. Hesabu, hata hivyo, iko upande wao.

Wanaojaza nao wana sababu. streamplot hukadiria kasi ya maji kutoka nukta nne za gridi zinazouzunguka mstari. Moja tu ikiwa imefunikwa, mstari unakomea hapo. Kwenye gridi ya 1/12 ya digrii, nukta zinaachana kilomita 9 hivi na ufukwe halisi upo mahali fulani katikati, hivyo unapoteza kilomita 4 au 5 za maji kila upande. Kwa msomaji wa kawaida, pengo hilo linasema maji hayaendi.

Lakini mlango-bahari wenyewe una upana wa kilomita 35 hadi 40. Toa hasara ya pande zote mbili, bado kuna kilomita 27 hivi za kupitisha mistari. Mbona haipo?

Hapa ndipo mambo mawili yanapochanganywa. Mbali na data uliyofunika wewe, maktaba ina gridi yake ya siri ya kuzuia msongamano: density, kigezo cha wingi wa mistari, ikiwa 1, mchoro mzima unagawanywa vyumba 30 kwa 30, na chumba kilichokwisha kupitiwa hakiingiwi na mstari mwingine. Chukua eneo la digrii 4 kwa 4, kutoka Pemba hadi Mafia. Ni kilomita 444 hivi, kwa hiyo kila chumba kina karibu 15. Mlango-bahari wote unapata vyumba viwili na ushee.

Kisha inakuja minlength, urefu wa chini unaoruhusiwa kwa mstari, ambayo ndiyo mla mistari hasa. Thamani yake ya kawaida ni 0.1, ikipimwa kwa sehemu ya mchoro, si kwa kilomita. Kwa eneo letu hiyo 0.1 ni kilomita 44, nusu ya urefu wa Unguja! Mstari wowote ambao jumla yake, mbele na nyuma, haifiki hapo unafutwa wote, bila onyo. Na mistari ya kwenye mlango-bahari ni mifupi kwa maumbile: inabanwa na nchi kavu pande mbili, halafu jirani aliyetangulia anaikata. Eneo ukilipanua liwe digrii 8, kizingiti kinaruka hadi kilomita 89, na visiwa vinazidi kuwa vyeupe ingawa data haijabadilika hata nukta moja. Anayeona hivyo husingizia ufunikaji.

Shusha minlength hadi 0.03, yaani kilomita 13, na density ipande hadi 2, vyumba vya kilomita 7.4. Sehemu kubwa ya weupe inaondoka, na hukugusa data. Gharama ipo: vijipande vifupi vitajitokeza kwenye vizunguko vya maji, kila kimoja na mshale wake, kwa hiyo punguza arrowsize, ukubwa wa mshale, iwe 0.7 hivi. Pakibaki sehemu tupu, ita streamplot mara ya pili kwa start_points, yaani nukta unazochagua mistari ianzie, ukipanga nukta kila digrii 0.08 kukata mlango-bahari. Nukta mbili zikiangukia chumba kimoja, ya pili haichorwi. Nukta ikigusa nchi kavu inapotea kimya, ila ikiwa nje ya gridi unapata ujumbe wa kosa, ValueError. Mwito wa pili pia haujui mistari ya kwanza ilipita wapi, hivyo inaweza kupandana. Kuhusu broken_streamlines=False, iliyokuja na toleo la 3.6 la Matplotlib, inaondoa kizuizi cha msongamano tu. Nchi kavu iliyofunikwa bado inausimamisha mstari.

Sasa tazama kujaza nchi kavu sifuri kunafanya nini. streamplot hutembea kwa urefu wa njia, si kwa muda, hivyo maji yakipungua kutoka mita 0.6 kwa sekunde hadi 0.1 mstari hauchelewi hata kidogo. Mwelekeo nao haubadiliki, kwa kuwa vijenzi vyote viwili vya kasi, wa mashariki na wa kaskazini, vinapungua kwa uwiano uleule. Matokeo yake mstari unapanda ufukweni bila kupinda na kwenda hadi nukta kavu, kilomita kadhaa ndani ya mikoko.

Kujaza kwa thamani ya jirani ni afadhali, mradi iwe nukta moja tu kutoka ufukweni na ramani ya nchi ipewe zorder, namba ya tabaka la mchoro, ya 3, maana mistari iko kwenye 2. Ukijaza kisiwa kizima, mstari unapita chini ya Unguja na kuibukia upande wa pili, kana kwamba pana handaki. Na kwa kuwa mshale huwekwa katikati ya urefu wa mstari, mara nyingi utakuwa umezikwa chini ya kisiwa, na msomaji atabaki na mstari usioonyesha maji yanaelekea wapi.