Lighthouse: watu 13 jukwaani na gharama yake

Bendi ya Lighthouse ya Toronto, Kanada, iliyochanganya roki na ala za kupuliza na za nyuzi, ikitajwa, hukumu huwa tayari: iliuawa na ukubwa wake. Mpiga dramu Skip Prokop na mpiga kinanda Paul Hoffert waliianzisha mwaka 1968, wakakusanya watano wa upande wa roki, wao wawili wakiwemo, wanne wa ala za kupuliza na wanne wa fidla na selo. Jumla 13. Mei 1969, kwenye onyesho lao la kwanza katika ukumbi wa Rock Pile, aliyewatambulisha ni Duke Ellington, nguli wa jazi. Kufikia 1976 bendi ilikuwa imevunjika, ingawa jina lilifufuliwa baadaye.

Wanaolaumu ukubwa wana hesabu mkononi. Chukua malipo ya dola 1,000 kwa usiku mmoja. Bendi ya watu wanne inagawana 250 kila mtu. Watu 13 wanapata kama 77, na hapo meneja, mafundi na mafuta bado. Wakilala wawiliwawili, ni vyumba saba.

Tatizo la sauti halizungumzwi sana, nalo lilikuwa zito. Fidla ni ala ya sauti ndogo. Ukiiwekea maikrofoni karibu na amplifaya ya gitaa, maikrofoni inanasa dramu na gitaa kabla ya fidla yenyewe. Ukiongeza sauti, spika zinaanza kupiga mluzi. Njia nyingine ya miaka ile ilikuwa kubandika kifaa kidogo cha kunasa mtetemo (pickup) kwenye mwili wa ala. Mluzi unapungua, ila fidla inatoka nyembamba, yenye kukwaruza. Isitoshe, fidla na selo hazina vizuizi vya noti shingoni kama gitaa: mpigaji hutafuta noti kwa sikio, na asipoisikia ala yake, anateleza.

Upande wa ala za kupuliza kazi ilikuwa ya kalamu. Wapiga gitaa wanapenda ufunguo wa E, yaani wimbo uliojengwa juu ya noti ya E. Tarumbeta ya kawaida, ile ya B bapa, hutoa sauti iliyo chini ya noti iliyoandikwa, hivyo kwake E inaandikwa F iliyopandishwa, yenye alama sita za kupandisha noti; alama zikiwa nyingi, kupiga kunakuwa kugumu. Kwa saksafoni ya alto ni alama saba. Mpangaji anachagua: ahamishie wimbo kwenye ufunguo mwingine, au aandike vipande vifupi vya mkato wapulizaji wavimudu. Na kilichokwisha kuandikwa kwa watu wanane, wapulizaji na wapiga fidla na selo, hakirefushwi ovyo jukwaani.

Wanaoutetea ukubwa nao hawabahatishi. Bila wapulizaji, “One Fine Morning” ya mwaka 1971 usingekuwa wimbo ule: milipuko ya tarumbeta na tromboni ndiyo inayousukuma chini ya sauti ya mwimbaji wao Bob McBride. Kwenye chati za nyimbo ulifika nafasi ya 2 Kanada na ya 24 Marekani. Kweli, Januari mwaka huohuo kanuni mpya ilizitaka redio za AM za Kanada zitenge asilimia 30 ya muziki wao kwa kazi za nyumbani, na wapo wanaosema Lighthouse walibebwa na kanuni hiyo. Hoja hiyo inaeleza nafasi ya 2. Haielezi ya 24, kwa sababu redio za Marekani hazikulazimishwa na yeyote. Tena kundi kubwa lilikuwa chuo: kati ya wapiga saksafoni wake wa mwanzo alikuwemo Howard Shore, aliyekuja kupata tuzo tatu za Oscar kwa muziki wa filamu.

Kwa maoni yangu, wapulizaji walirudisha gharama yao, fidla hazikurudisha. Bendi ya Chicago ya Marekani ilijenga jina kwa watu saba, watatu wakiwa wapulizaji, na hakuna aliyelalamika kwamba sauti yao ni nyembamba. Hata hivyo sikubali kwamba 13 ndiyo iliyoivunja Lighthouse. Kwa kampuni ya rekodi ya RCA Lighthouse walitoa albamu tatu kati ya 1969 na 1970, haraka mno kwa muziki unaohitaji kuandikwa noti kwa noti, na hakuna wimbo wao uliovuma kama ule wa 1971. Mafanikio yalipokuja chini ya kampuni nyingine, GRT, yalining’inia kwenye koo la mtu mmoja. McBride aliondoka 1973. “Pretty Lady” wa mwaka huo, alioimba Prokop mwenyewe, uliishia nafasi ya 53 Marekani. Prokop naye akaondoka mwaka uliofuata, na waliobaki walikuwa na wapulizaji wazuri bado, ila si mtunzi wao mkuu wala ile sauti iliyowatambulisha redioni.