Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Sarafu Ilitoka Wapi

Kuna maneno yanayonichefua kila nikifungua katalogi ya mnada: "kutoka kwa mkusanyaji wa Ulaya." Juzi nimekutana nayo tena, safari hii chini ya denari, sarafu ya fedha ya Kirumi, ya mtawala Carausius. Picha nzuri ajabu. Fedha imetulia, ndevu za mtawala unaweza kuzihesabu, na sifa za uadimu wake zimejaza nusu ukurasa. Kuhusu ilikotoka, mstari huo mmoja tu. Hakuna mwaka, hakuna nchi, hakuna mnada uliotangulia. Na wakusanyaji ninaowaheshimu wanaulizana itafika bei gani!

Nina hasira, na sababu ninayo.

Aprili 2010 Dave Crisp alikuwa akizunguka na kifaa chake cha kutafutia metali kwenye shamba moja karibu na Frome, Somerset, Uingereza. Kifaa kikalia. Akachimba kidogo, akaona mtungi umejaa sarafu. Hapo akafanya jambo ninalolistahi kuliko sarafu yoyote niliyowahi kuishika: aliacha kuchimba. Akafukia shimo, akawaita wataalamu. Waakiolojia wakaja, wakautoa mzigo ule tabaka kwa tabaka, kila tabaka likatiwa kwenye mifuko yake. Sarafu 52,503. Uzito wake kilo 160 hivi. Nyingi mno ni zile za karne ya 3 ambazo fedha iliyomo ni ya kutafuta kwa tochi, lakini tano zilikuwa denari za Carausius, yule jemadari wa majini aliyejitwalia Britania mwaka 286 na kupiga sarafu za fedha nzuri wakati Roma yenyewe ilikuwa imeshaacha kufanya hivyo.

Sasa tazama kilichopatikana kwa sababu ya ile mifuko. Sarafu za Carausius ndizo mpya kuliko zote mtungini. Kama mtu angekuwa anaweka akiba kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, zingekuwa juu. Hazikuwa juu. Nyingi zililala ndani kabisa, na za zamani zikawa juu yake. Maana yake mtungi ulijazwa kwa mkupuo. Halafu mtungi wenyewe kuta zake ni nyembamba. Kwa uzito ule ungepasuka kabla ya kunyanyuliwa. Kwa hiyo ulitangulizwa shimoni ukiwa mtupu, kisha sarafu zikamiminwa. Nani anaficha mali yake kwa namna ambayo hawezi kuitoa tena bila kuvunja chombo na kuchota kwa mikono? Ndiyo maana wako wataalamu wanaosema ile haikuwa akiba ya tajiri aliyekimbia vita, bali sadaka kwa miungu, pengine ya jamii nzima. Unaweza kukubali au kukataa. Lakini mjadala wenyewe upo kwa sababu mtu mmoja alizuia mikono yake.

Angeamua kuzing'oa usiku na kuziuza mojamoja, tungepoteza yote hayo. Zile denari tano leo zingekuwa katika katalogi tano, kila moja imeandikwa "kutoka kwa mkusanyaji wa Ulaya," na sisi tungekuwa tunabishana kuhusu ndevu. Na Crisp hakupata hasara kwa uaminifu wake: sheria ya hazina ya Uingereza ya mwaka 1996 inataka kupatikana kwa hazina kama ile kutangazwe, makumbusho ya Somerset yakailipia pauni 320,250, na fedha hizo akagawana na mwenye shamba.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana hapa. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wetu, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, nasaba iliyotawala Misri. Kwa kuwa zilichimbuliwa pamoja na kuandikwa pamoja, zile dinari zenye tarehe ndizo zilizotwambia kwamba watu wa pwani walikuwa wakitumia sarafu zao wenyewe tangu karne ya 11. Zingetawanywa madukani, zingebaki vipande vya fedha visivyo na umri.

Wapo wanaoniambia karatasi za kuonyesha sarafu ilikotoka hazina maana kwa kuwa nazo hughushiwa. Ni kweli hughushiwa. Oktoba 2020 iliuzwa London sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa waliomuua Julius Kaisari, ile ya majambia mawili na kofia ya mtumwa aliyeachwa huru katikati, iliyopigwa mwaka 42 KK kujivunia mauaji hayo. Ndugu zake wa fedha ni adimu. Wa dhahabu wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ilifika zaidi ya pauni milioni 3. Baadaye ikabainika historia ya wamiliki wake ilikuwa ya kubuni, watu wakakamatwa, na mwaka 2023 mamlaka za New York zikairudisha Ugiriki. Lakini hilo linanipa nguvu mimi, si wao. Uongo ule ulifichuka kwa sababu kulikuwa na madai ya kuchunguza. "Mkusanyaji wa Ulaya" hachunguziki, kwa kuwa hakuna aliyetajwa.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si kila sarafu isiyo na karatasi imeibwa. Mchezo huu wa kukusanya sarafu ni wa kale. Augusto mwenyewe, kaisari wa kwanza wa Roma, alikuwa akiwagawia wageni wake sarafu za kale siku za sikukuu, na mwaka 1354 mshairi wa Italia Petrarca alimpa Karl IV, mfalme wa Ujerumani, sarafu za Kirumi kutoka mkusanyo wake. Mamia ya miaka sarafu hizi zimepita mkono kwa mkono, na wengi hawakuona haja ya kuandika chochote. Sawa. Ila aliyeshika sarafu tangu enzi za babu yake mara nyingi ana kitu: bahasha, risiti, picha, wosia.

Ninayo denari ya jeshi ya Marcus Antonius, jemadari wa Kirumi, ya mwaka 32 au 31 KK, moja ya zile alizopiga kwa wingi kuwalipa askari wake kabla ya vita vya majini vya Actium. Imechakaa. Upande mmoja merikebu ya makasia, makasia yamebaki vijistari. Upande wa pili tai kati ya bendera mbili za kijeshi, na namba ya kikosi imefutika kabisa. Pembeni kuna kidonda kidogo cha mwezi mwandamo, muhuri wa mbadilisha fedha fulani aliyekuwa akihakikisha si shaba iliyovikwa fedha. Hakuna mnada mkubwa utakaoigombania. Lakini imekuja na kikaratasi cha wino uliofifia: mwaka 1957, duka lililoiuza, bei kwa shilingi za Kiingereza. Kikaratasi hicho nakitunza sawasawa na sarafu, na inaniuma kusikia wafanyabiashara wanavitupa wanapozifungia sarafu kwenye plastiki baada ya kupewa alama za ubora. Wanaozisugua hadi zing'ae, sina la kuwaambia.

Hoja inayobaki ni ile ya "nisiponunua mimi atanunua mwingine." Anunue. Anayefukua usiku anachimba kwa kuwa anajua mwishoni mwa mnyororo kuna mtu hatauliza, na kila mnunuzi anayejitoa anampunguzia soko. Hivyo ukikaa mbele ya meza ya muuzaji, anza na nani alikuwa nayo, tangu lini, na kwa ushahidi gani. Wenye heshima zao hujibu, au husema waziwazi kwamba hawajui na bei ikaonyesha hivyo. Akikasirika kwa kuulizwa, rudisha sarafu kwenye sahani yake, uende meza inayofuata.