Paka Hapakwi Mafuta

Mwenye paka anaijua sauti ile. Saa kumi na moja alfajiri, bado hata muadhini hajakohoa, unasikia gizani: hukh, hukh, hukh, kama pampu ya baiskeli iliyopasuka. Unaruka kitandani kutafuta gazeti la kumtandikia, na unachelewa. Nyumba yangu yote ni vigae, unafuta mara moja imekwisha. Shombo, paka wangu, alivipita vigae vyote akaenda kutapika donge lake la manyoya kwenye mswala wa mama mdogo, aliyekuja kutoka Tanga kwa siku tatu tu.

"Mwanangu, huyu ana chango," mama mdogo akasema huku nimeshika ndoo. "Mpe kijiko cha mafuta ya nazi, kila kitu kitateremka."

Nikasema haya mama, nikaosha mswala. Mchana nikafanya kosa la kusimulia kwenye kundi la familia. Mafuta ya nazi. Mafuta ya alizeti. Samli. Binamu mmoja, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, akasema mafuta ya kula yaliyokwisha kukaangiwa samaki, eti harufu itamvutia. Ndiyo maana naandika hapa, kwa kuwa kule nimeshatulia kwa adabu.

Mafuta ya kula ni chakula. Basi. Tumbo la paka limeumbwa kwa nyama na mafuta, kuyameng'enya ndiyo kazi yake. Kijiko chako cha nazi kinavunjwavunjwa na kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kama mafuta ya kuku yanavyofyonzwa, na yale manyoya yanabaki yalipokuwa. Umemnenepesha, hujamteremshia kitu. Ukizidisha, utapata cha kufuta upande wa pili wa paka. Na hapo nasema kuhusu paka anayelamba mwenyewe. Wengi wetu tunamshika shingo, tunamfungua mdomo, tunamimina. Mafuta ni laini, hayamshtui paka akohoe kama maji yanavyomshtua, yanateleza hadi njia ya hewa, yanaingia mapafuni. Ulianza na donge la manyoya, unamaliza na homa ya mapafu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo zile dawa za tyubu zenye mafuta ya mgando, na hayo hayafyonzwi, kwa hiyo yanaweza kweli kulainisha njia. Daktari wa mifugo akikupa, tumia alivyosema. Ila mgando na mafuta ya nazi ni vitu viwili, kama petroli na uji.

Na maziwa? Paka wengi wakubwa yanawaharisha. Tuendelee.

Kwanza tuelewane hayo manyoya yanaingiaje. Ulimi wa paka umejaa vimiiba vilivyopinda kuelekea kooni, vya keratini, kitu kile kile cha kucha zako. Akijilamba, unyoya ukinasa hapo hauna pa kwenda ila ndani, kutema hawezi. Manyoya nayo ni keratini, hayameng'enyeki. Mengi yanapita kimyakimya hadi kwenye sanduku la mchanga na hakuna anayeyaona. Yaliyobaki tumboni ndiyo yanasokotana. Hata hilo tunaloliita donge si donge, likishabanwa kwenye umio linatoka refu, kama kidole kilicholowa. Samahani kwa mnaokunywa chai.

Sasa kinachosaidia kuyapitisha ni nyuzinyuzi, na hapa ndipo watu wangu wanaponichosha, maana wanadhani Shombo akila ugali keshapata. Sembe! Pumba imeshakobolewa kinuni mwa mashine, umebaki wanga mtupu, unampa mnyama ambaye mwili wake unadai nyama. Mwaka wake wa kwanza mimi mwenyewe nilimlisha wali na mchuzi wa dagaa, sijifanyi mtakatifu.

Nyuzinyuzi zenyewe haziko namna moja. Zipo zinazonyonya maji zikawa ute, kama isabgol, yale maganda ya mbegu za psyllium, zikabeba vilivyomo. Zipo zisizolainika, kama selulosi inayojenga kuta za mimea, zinazosukuma. Watafiti wa Brazil walichapisha mwaka 2014 jaribio la kuwapa paka chakula chenye nyuzi za muwa, na madonge ya manyoya kwenye kinyesi yakapungua. Wengine walipewa makapi ya kiazisukari, hayakusaidia. Muwa, jamani. Kila kona ya Dar kuna mkokoteni wa juisi ya muwa na rundo la makapi chini yake. Usikimbie na ndoo, wale walitumia nyuzi zilizosagwa laini na kupimwa ndani ya chakula, si makapi yenye nyuki.

Jaribio jingine la chakula chenye nyuzi nyingi, isabgol ikiwamo, lilionyesha kitu ambacho muuzaji wa dukani hakwambii. Paka wenye manyoya marefu walitoa manyoya karibu mara mbili zaidi chooni. Wenye manyoya mafupi, hakuna tofauti. Nilikwenda duka moja mjini, kijana akaniwekea mezani mfuko ulioandikwa kuwa ni wa kuzuia manyoya, bei yake nikadhani paka yumo ndani. Pembeni yangu alisimama dada mwenye paka wetu wa kawaida wa uswahilini, manyoya yake mafupi kama nguo ya suruali, naye akauziwa ule ule. Geuza mfuko, soma nyuma. Chakula cha kawaida cha paka mkubwa mara nyingi kina nyuzinyuzi asilimia 3 hadi 5, hiki cha manyoya hufika 8 au 10. Hiyo ndiyo siri yote unayoilipia. Kwa Shombo mwenye manyoya marefu, ambaye babu yake lazima alikuwa paka wa Kiajemi, ina maana. Kwa yule wa dada, angenunua kitana.

Mimi naloweka robo kijiko cha chai cha isabgol, ya duka la dawa, isiyo na sukari wala ladha ya chungwa. Naiweka kwenye supu ya kuku iliyochemshwa bila chumvi, kitunguu wala kitunguu saumu, maana vitunguu ni sumu kwao. Nangoja ivimbe iwe kama mlenda, halafu nachanganya na nyama. Nilimuuliza daktari kipimo kabla, nawe muulize wako. Ikiwa kavu usimpe hata chembe. Kitu kinachokunywa maji kikiingia kikavu kitayatafuta maji tumboni mwa mnyama ambaye kwa asili hanywi vya kutosha, na unaweza kumfunga choo kabisa. Ndiyo maana nasema supu kwanza, nyuzi baadaye. Na paka aliyekonda usimjaze nyuzi, atashiba bila kupata kitu.

Shombo alikuwa anatapika kila wiki, sasa ni mara moja moja tu. Ningependa kuishia hapo kwa ushindi, lakini wiki ile ile niliyoanza isabgol nilianza pia kumchana kila jioni, na siku ya pili kitana kikatoka na viroboto wawili. Kumbe alikuwa anajilamba kutwa kwa sababu alikuwa anawashwa. Kwa hiyo siwezi kuapa ni kipi kilichofanya kazi. Mama mdogo akisoma hapa atacheka.

Kuna neno linaloniudhi kuliko mafuta: "ni kawaida ya paka." Jirani yangu alikuwa na dume la rangi ya kijivu, lilikuwa linajikunja chini, shingo mbele, linakohoa, halafu linameza. Hakuna kilichotoka, siku zote hakuna kilichotoka. Wiki sita, ni manyoya tu, ni kawaida, na kijiko cha alizeti kila Ijumaa. Alipofikishwa kwa daktari ilikuwa pumu. Paka wanaugua pumu, naam, na inadhibitika kwa dawa ikiwahiwa. Yule hakuwahiwa. Mtoto wa yule jirani bado huja kumshika Shombo kibarazani bila kusema kitu.

Basi akikohoa bila kutoa kitu, mtazame. Akihangaika kutapika mara kwa mara na hakitoki, hali, hapati choo, amejikunja chini ya kitanda, hiyo ni safari ya kwa daktari siku hiyo hiyo. Manyoya yakiziba utumbo huondolewa kwa kisu. Na anayetapika madonge kila wiki, kama wangu alivyokuwa, ana sababu: ngozi, viroboto, au utumbo wenyewe.

Mama mdogo ameondoka Jumatatu. Nilipoingia jikoni nikakuta chupa ya mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, kijiko kimefungwa shingoni kwa mpira. Jioni akapiga simu. Shikamoo, marahaba, mmefika salama, halafu: "Yale mafuta umeyatumia?"

Nikamwambia nimeyatumia, mama, asante sana. Na sikusema uongo. Nywele zangu zinang'aa.