Paka Eksirei, Mimi Panadol

Jamani, goti langu hili la kulia limenisumbua miaka. Nikienda kliniki, hata suruali sijaikunja, dawa imeshaandikwa: Panadol. Mgongo? Panadol. Sasa hapa kwetu Kisenyi, Kampala, kaingia mgonjwa aliyepigwa eksirei ya mbele na ya ubavu, akachomwa sindano ya maumivu na kuandikiwa mapumziko. Paka!

Mama Shakira alimwokota barabarani, bodaboda imempitia. "Tunamlea kwa muda tu, Baba Shakira, akipona tunampatia mtu." Kwa muda. Hata shemeji yangu alikuja kwa muda.

Daktari wa wanyama akasema nyonga imevunjika ila haihitaji kupasuliwa. Akae kizimbani wiki nne hadi sita, asiruke, asipande kitu, mfupa uunge wenyewe. Tukaazima kizimba cha Hajati jirani. Kuku wa Hajati sasa wanalala jikoni kwetu, ndiyo makubaliano. Mgonjwa analetewa mukene, dagaa wetu wa hapa, pale alipo, anabadilishiwa magazeti ya kulalia. Mimi nikijinyoosha Jumapili nusu saa, naulizwa kama mvua ikinyesha bati litajiziba lenyewe.

Nikajaribu kubana matumizi. Daktari, nikamwambia, badala ya masindano haya si tumpe Panadol nyumbani? Mtu akaruka! Kumbe ini la paka haliwezi kuivunja ile dawa, kidonge kimoja kinatosha kumuua. Yaani kinachomuua paka ndicho ninachoandikiwa mimi kila mwezi.

Tukaja kwenye pesa. Mama Shakira akafungua kundi la WhatsApp la michango. Kampala hii mnaijua: mkutano wa harusi, mtu hana hata kodi ya nyumba lakini anasimama kuahidi ng'ombe. Kwa paka wakaahidi maombi. Mmoja akaandika, "Paka ana roho ngumu, mwacheni." Wengine wakatuma vile vikatuni vinavyolia. Waliochanga, elfu mbili, elfu tatu, Mungu awabariki. Naenda kuzitoa kwenye simu, nakatwa ada, na juu yake kodi ya serikali asilimia 0.5. Ile iliyoanza na asilimia 1 mwaka 2018, watu wakapiga kelele, ikashuka. Paka hana kitambulisho, hana nyonga, lakini kodi analipa.

Mtu wa kumchukua kapatikana, mama mmoja wa Bwaise. Ila anamtaka kamili: chanjo ya kichaa cha mbwa, na afungwe kizazi. Kichaa cha mbwa, kwa paka! Nikanuna, nikalipa, maana hata paka anauambukiza, na dalili zikishatokea hauna tiba. Pesa za kumfunga kizazi bado tunachanga. Au tuseme nachanga.

Na kinachonikera kuliko yote: anayetupeleka kwa daktari ni yuleyule aliyemgonga. Ndiye wa stendi yetu, tutafanyaje? Bei hajapunguza hata shilingi mia. Juzi kaongeza, eti leo abiria mko watatu, mimi, Mama Shakira na paka, na sheria inataka mmoja. Nikamuuliza, na sheria ya kugonga paka inasemaje?

"Mzee, panda, foleni inaanza."