Mzani haujui kama mtoto anasikia

Kliniki zetu nyingi nyumbani humpima mtoto kwa kilo. Anatundikwa kwenye mzani, nukta inawekwa kwenye kadi, anachomwa sindano, foleni inasogea. Mtoto anaweza kupanda kilo kila mwezi, mama akasifiwa, kumbe hasikii. Kwa hili, sisi tulio Uingereza tunakiri wenyeji wa huku wametuzidi. Huku masikio hupimwa kwa mashine tangu wiki za mwanzo. Muuguzi huonana na familia kabla ya kujifungua, mtoto akiwa na siku 10 hadi 14, wiki 6 hadi 8, anapokaribia mwaka, kisha kati ya miaka 2 na miaka 2 na nusu.

Hapo mwisho ndipo linapokuja dodoso la maswali 30. Maeneo ni matano: mawasiliano, viungo vikubwa, kazi za vidole, kutatua tatizo, na kujihudumia pamoja na kuchangamana na watu. Akifanya ni alama 10, akifanya mara mojamoja 5, bado ni 0. Wazazi wetu hukosea hapa. Wapo wanaojaza kumi-kumi kwa kuona haya. Wengine wanaulizwa kama mtoto anakula kwa uma, wanaandika sifuri, na mtoto hajawahi kushikishwa uma, anamega ugali kwa mkono vizuri kabisa. Swali la kupanda ngazi ni vilevile kwa anayeishi nyumba isiyo na ngazi. Jaribu kwanza kila kitendo na mtoto. Kama hajapata nafasi ya kukifanya, acha wazi na umwambie muuguzi. Swali moja au mawili yakikosekana katika eneo, kuna njia ya kukokotoa alama bila kumwadhibu mtoto.

Kwenye lugha, hesabu maneno ya Kiswahili na Kiingereza pamoja. Mwenye maneno 30 ya Kiswahili na 20 ya Kiingereza ana 50. Hata "ma", kama kila mara anamaanisha maji, ni neno. Ukiambiwa uache Kiswahili ili mtoto aseme haraka, kataa. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, na aliyechelewa kweli atachelewa katika zote mbili.

Lakini kwenye kukaa na kutembea, nyumbani hatuna cha kujifunza kwa mtu. Katika miaka ya 1970 mtafiti Charles Super aliwafuatilia watoto wa Kipsigis kijijini Kokwet, Kenya, akakuta wanakaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa takriban mwezi mzima. Walikuwa wakifundishwa: wanakalishwa, wanaegemezwa, wanachezeshwa miguu. Kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwazidi. Kwa hiyo bibi anayemzungushia mjukuu khanga ili akae anampa mazoezi halisi. Kigari cha plastiki chenye magurudumu, ambacho siku hizi ni fahari mjini, hakimfundishi kutembea, na Kanada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004.

Kinachotuponza ni lile neno "atafika tu". Ni kweli nafasi, yaani umri wa kufikia kila hatua, ni pana. Katika vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, vilivyohusisha watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, kukaa bila kushikwa kulianzia miezi 3.8 hadi 9.2, na kutembea peke yake 8.2 hadi 17.6. Wanne hivi kati ya mia hawakutambaa kwa magoti kabisa, na wakatembea. Ila nafasi ina ukingo. Asiyetembea kwa miezi 18 aonwe na daktari. Anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka asisifiwe kuwa wa shoto. Huenda mkono wa pili una udhaifu. Aliyekuwa na maneno akayapoteza apelekwe wiki hiyohiyo, awe na umri wowote. Njiti ahesabiwe kwa tarehe aliyotarajiwa: aliyewahi kwa wiki 8, akiwa na miezi 9 mlinganishe na wa miezi 7.

Wala nyumbani hatuhitaji dodoso la maswali 30. Chanjo za surua za miezi 9 na 18 tayari zinawaleta watoto kliniki, na benchi la foleni linatosha. Kwa miezi 9: anakaa bila kushikwa? Anahamisha kijiko mkono kwa mkono? Akiitwa jina kutoka nyuma, pembeni, umbali wa mita moja, anageuka? Usipige makofi karibu naye, atageukia upepo au kivuli chako, utadhani amesikia. Kwa miezi 18: anatembea, anajaribu maneno kama matatu mbali na mama na baba, na anakuonyesha ndege kwa kidole ili nawe umwone? Anayenyoosha kidole kuomba biskuti tu hajajibu swali hilo.

Na tarehe ziandikwe nyuma ya kadi: kukaza shingo, kukaa, kusimama dede, neno la kwanza. Daktari akiuliza mtoto alianza lini kutembea, "wakati wa masika" haimsaidii kuhesabu miezi. Video ya nusu dakika kwenye simu, mtoto akicheza sakafuni kwake, itamsaidia zaidi kuliko mtoto huyohuyo akilia mbele ya koti jeupe.