Sauti ya mtu ambaye bado yuko njiani

Rafiki yangu mmoja, ambaye damu yake yote ni rhumba, alinivumilia kwa dakika sita tu. Tulikuwa barazani jioni, nikamwekea albamu ya kwanza ya Vashti Bunyan, mwimbaji wa Uingereza, *Just Another Diamond Day*. Akasikiliza nyimbo mbili na kipande cha wa tatu, kisha akanirudishia simu yangu.

"Kaka, hizi ni nyimbo za chekechea," akasema. "Huyu dada anaimba kama anaogopa kumwamsha mtu."

Siku ile sikuwa na la kumjibu, na kusema kweli hakukosea sana. Humo ndani kuna wimbo uitwao Lily Pond ambao melodi yake ni ileile ya wimbo wa kinyota kinachometameta, ule ambao watoto wa nusu ya dunia wanaimbishwa shuleni. Sauti ya mwimbaji ni nyembamba, karibu na mnong'ono. Haipandi, haishuki kwa kishindo, haikuombi umpigie makofi. Ukiwa umezoea muziki unaokushika mkono na kukuvuta uwanjani, huu utakupita kama mtu aliyebisha hodi mara moja, akaona kimya, akaenda zake.

Lakini nimekaa nao miaka sasa, na nina ugomvi na wanaoupenda kuliko na rafiki yangu asiyeupenda.

Wapenzi wa albamu hii hawachoki kusimulia kisa chake, na kisa chenyewe ni kitamu kweli. Vashti Bunyan alizaliwa mwaka 1945 Newcastle, kaskazini mwa Uingereza, akakulia London. Alisomea sanaa Oxford, akafukuzwa chuo kwa sababu alikuwa anatunga nyimbo badala ya kuchora. Mwaka 1965 akakutana na Andrew Loog Oldham, meneja wa kundi la Rolling Stones, aliyempa wimbo uliotungwa na Mick Jagger na Keith Richards wa kundi hilo akaurekodi. Haukufika mbali. Akajaribu tena mwaka uliofuata, mambo yakawa yaleyale. Wenye kampuni za muziki walitaka kumtengenezea umbo la binti mrembo wa pop, naye hakutoshea katika nguo waliyomshonea.

Akakata tamaa na London. Alikwenda kuishi na mpenzi wake Robert Lewis, mwanafunzi wa sanaa, kichakani nyuma ya chuo cha huyo kijana, chini ya mti wa maua. Wakatimuliwa, maana ardhi ile ilikuwa mali ya Benki Kuu ya Uingereza. (Kufukuzwa na benki kuna namna nyingi, lakini kufukuzwa na Benki Kuu kichakani ni heshima ya aina yake.) Ndipo mwaka 1968 wakanunua farasi jike aitwaye Bess na gari la kukokotwa, kwa pesa walizokopeshwa na mwanamuziki Donovan, wakaanza safari ya kwenda kisiwa cha Skye, Uskoti. Donovan alikuwa amenunua ardhi huko akitaka wasanii na watu wenye mawazo kama yake waishi pamoja. Ukienda kwa gari ya kawaida, hiyo ni safari ya siku moja au mbili. Wao iliwachukua zaidi ya mwaka, majira ya baridi yakiwa katikati.

Na walipofika, kijiji walichokuwa wakikiota hakikuwapo tena. Donovan mwenyewe hakuwapo, na nafasi ya wageni haikuwapo. Kawia ufike, walisema wahenga. Hawakusema utakuta nini. Wakaendelea mbele hadi Berneray, kisiwa kidogo zaidi, kwenye ukingo wa bahari ya Atlantiki.

Nyimbo nyingi za albamu hii zilizaliwa njiani, nyuma ya matako ya farasi. Mtayarishaji Joe Boyd, yuleyule aliyekuwa akifanya kazi na mwimbaji Nick Drake na kundi la Fairport Convention, alimwita arudi London, na mwishoni mwa 1969 wakarekodi katika studio ya Sound Techniques, Chelsea. Kampuni ya Philips ilitoa santuri Desemba 1970. Hakuna aliyenunua, au karibu hakuna. Vashti akaweka gitaa chini akaenda kulea watoto na mifugo huko Uskoti na Ireland. Mwenyewe amesema kwamba hata wanawe hakuwaimbia. Miaka karibu thelathini baadaye akaandika jina lake kwenye intaneti na kugundua kuwa kuna watu wanaitafuta santuri yake kama dhahabu. Mwaka 2000 ikatolewa upya. Mwaka 2005 akatoa albamu ya pili.

Haya, kisa ndicho hicho. Sasa hebu tukiweke pembeni, maana ndicho kinachoimeza albamu yenyewe. Kila anayeisifu anasifu kupotea na kuonekana kwake, au anamsifu msichana aliyekimbia mji akaenda kuishi na wanyama. Hata jalada linasaidia uongo huo: mwanamke mwenye kitambaa kichwani mbele ya nyumba ya mashambani, na wanyama wa kuchorwa wamemzunguka. Unaliangalia unasema, aha, huyu anaililia Uingereza ya zamani, ile ya kabla ya viwanda na moshi. Majonzi ya jana.

Mimi naona sivyo. Hiyo jana haimo kwenye albamu hii.

Chukua wimbo wa kwanza, Diamond Day. Ni mfupi mno, hauna dakika mbili. Unataja jani la nyasi, mzigo wa majani makavu, farasi wanaopita, shamba la kulima, punje ya ngano, gunia la mbegu, watoto wanaokula. Hakuna hata neno moja la kukumbuka. Ni orodha ya kazi! Na aliyeiimba orodha hiyo hakuwa na shamba, hakuwa na ngano, na alipoitunga hakuwa na mtoto. Alikuwa mtu wa mjini mwenye gari la farasi na njia ndefu mbele yake. Alikuwa anahesabu vitu ambavyo hajavipata kana kwamba tayari viko ghalani.

Sikiliza Window Over the Bay. Ni mtu anayesema anachotaka: ufuo wa peke yake, nyumba, mifugo, dirisha linaloangalia ghuba. Hebridean Sun ni wimbo wa visiwa wanavyoviendea. Hata pale anapoimba habari za wavuvi, unamsikia mtu aliyesimama pwani akiwatazama, wala si mtu aliye ndani ya mashua. Kiswahili chetu kina simanzi, majonzi, jitimai, na watu huyapanga yote kapu moja na muziki wa namna hii. Kwangu neno lake ni hamu, ile hamu inayomsogeza mtu hatua moja zaidi wakati soli ya kiatu imekwisha. Mwenyewe ameshaeleza kwamba alikuwa akiimba ndoto ili waendelee kwenda. Jog Along Bess ni wimbo wa kumhimiza farasi, na mbwa wao Blue ametajwa humo kwa jina. Aliyewahi kusikia wanawake wanatwanga kwa zamu, au wavuvi wanavuta nyavu ufukweni kwa wimbo, hahitaji kuelezwa. Wimbo wa kazi hauwi mkubwa kuliko kazi. Unapimwa na hatua, na hatua za Bess zilikuwa za taratibu.

Niliielewa vizuri zaidi, cha ajabu, kwenye foleni. Daladala imesimama karibu na Magomeni, nimebanwa dirishani, nimevaa visikizio, na gari linasogea mita tatu, linasimama, linasogea mita tano. Rose Hip November ikaanza. Wimbo ule ni wa majira ya kupukutika majani, mambo ya kwao huko, na kinubi cha Robin Williamson wa kundi la Incredible String Band kinadondoka tone moja moja. Hauna haraka na wala hauchoki. Nilifika nyumbani saa mbili usiku, na kwa mara ya kwanza sikumlaani mtu.

Sasa kinachonifanya niiheshimu, si kuipenda tu. Alipoingia studio mwishoni mwa 1969, alikuwa tayari anajua. Skye alikuwa amefika, na aliona mwenyewe kwamba hakuna kijiji. Nyimbo alizotunga akiwa na imani ilibidi aziimbe akiwa amekwisha kuona. Hakuzibadilisha. Hakuongeza ubeti wa kusema nilidanganyika. Aliimba matumaini yaleyale kwa maneno yaleyale, lakini sauti haiwezi kuficha ilichokwisha kukijua. Nadhani ule mnong'ono ambao rafiki yangu anaudhihaki unatoka hapo. Anaimba kama mtu anayesoma barua yake ya zamani kwa sauti mbele ya watu wengine: hakanushi aliyoandika, ila hataki kuyapigia kelele.

Upande wa ala, nina maoni ambayo huenda yakanigombanisha na watu. Nyimbo tatu zilizopangiwa ala na Robert Kirby, yule kijana wa Cambridge aliyempangia Nick Drake, ni bora kuliko nyingine zote humu: Diamond Day, Swallow Song na Rainbow River. Kirby alijua kukaa nyuma. Filimbi na nyuzi zake zinamzunguka mwimbaji kama watu wanaompisha mlangoni. Katika Swallow Song zinapanda kidogo tu pale sauti inapoishia, zinachukua pumzi yake na kumrudishia.

Nyimbo nyingine zilipewa fidla, mandolini na banjo za akina Dave Swarbrick na Simon Nicol, wote wa Fairport Convention. Ni mafundi wakubwa, hilo sibishi. Lakini wao walikuwa wanafufua muziki wa jadi wa Kiingereza, ngoma za vijijini na visa vya kale, na walipoweka mkono wao humu wakaivika albamu kanzu isiyo yake. Vashti amekataa mara nyingi kuitwa mwimbaji wa muziki wa jadi. Watu hudhani ni unyenyekevu au ukaidi. Mimi naona anasema jambo la wazi. Hakuimba wimbo wa babu wa mtu. Alitaka kuimba pop tangu siku ile ya 1965, ila pop ya kwake: fupi, yenye melodi inayoganda, isiyo na vumbi la makumbusho. Ondoa fidla kwenye nyimbo hizi utasikia pop safi. Nyimbo kumi na nne ndani ya takribani nusu saa. Nani mwingine anayeondoka mezani mapema hivyo?

Basi tukimwita mwimbaji wa jadi tunamfungia tena katika ile jana ambayo hakuwa anaiendea.

Sitasema kila kitu humu ni kizuri. Timothy Grub unanishinda. Najua umetokana na kile kisa cha kichakani, kwamba konokono na wadudu wanaoimbwa humo ni wao wenyewe waliotimuliwa, lakini kujua hakunisaidii. Ni utamu wa sukari guru iliyolambwa kavu. Lily Pond nausikiliza kwa subira ya mzazi. Na kuna wakati katikati ya albamu nyimbo zinashikana mikono mpaka huwezi kutofautisha ipi imeisha na ipi imeanza. Mtu akiniambia imemlaza usingizi nitamwelewa, ingawa sitamwalika tena.

Jambo moja linanichekesha kila nikilikumbuka. Baada ya albamu kufufuka, Diamond Day ulitumika kwenye tangazo la kampuni ya simu, T-Mobile. Wimbo wa mtu aliyejitenga na nyaya zote za dunia, umetumika kuuza mawasiliano. Wapo walionuna kwa niaba yake. Mimi sikununa. Mwanamke aliyetoa albamu mwaka 1970 asipate hata wa kumsikiliza ana haki ya kulipwa na yeyote anayetaka kulipa, na watu wengi waliomjua walimjulia hapo.

Nikirudi kwa rafiki yangu wa rhumba: mwezi uliopita alinipigia simu yuko safarini, basi limeharibika mahali fulani kabla ya Dodoma, wameshushwa wote kando ya barabara wanangoja fundi. Giza limeshaingia. Tukazungumza haya na yale, mpira, bei ya mafuta. Kabla hajakata akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Ule wimbo wa yule dada na farasi, unaitwaje vile?"

Nikamtumia. Hajasema lolote tangu hapo, nami sijamuuliza.